Chembe Nyeupe Zikishuka: Historia ya Namba Iliyomrudisha Mama Mdogo Nyumbani

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama kalamu imeniishia wino. Haijaisha. Nilikuwa nazunguka na mama mdogo hospitalini. Ana kansa ya matiti, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsindikiza kwa sababu, kwa maneno ya bibi, "wewe kazi yako ni ya kuandika andika tu, unaweza kuandikia hata kwenye benchi." Basi nimeandikia kwenye benchi.

Nianzie siku ya mzunguko wa pili wa kemo. Tulitoka nyumbani alfajiri, tukapanda daladala mbili, tukakaa foleni. Mama mdogo akatolewa damu, majibu yakarudi. Daktari akaitazama ile karatasi, akavua miwani, akasema kwa upole: "Mama, chembechembe nyeupe zimeshuka. Leo hatuwezi kukupa dawa. Rudi baada ya wiki moja." Kwenye karatasi kulikuwa na mstari umepigiwa duara kwa kalamu nyekundu: neutrofili 0.8.

Njia nzima hakusema neno. Tulipofika nyumbani kila mtu alikuwa na hukumu yake. Mjomba akasema hicho ni kisingizio, dawa zimewaishia. Bibi akasema damu imepungua, aletewe maini na juisi ya rosela. Jirani akasema anavyosema kila siku, kwamba kinachoua watu si kansa bali hizo dripu. Mama mdogo alisubiri wote watoke, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hizi chembe si ndizo askari wa mwili? Sasa kama dawa inaua askari wangu, kwa nini niendelee kuipokea?"

Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu siku hiyo. Nilidhani nitalipata kwenye kitabu cha tiba. Nimelipata kwenye historia.

ASKARI NI AKINA NANI?

Tuanze na hao askari wenyewe. Mwaka 1882, mtaalamu wa wanyama kutoka dola ya Urusi, Ilya Mechnikov, alikuwa Messina, Italia, akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pweza. Miili yao inapenyeza mwanga, kwa hiyo ukiwa na hadubini unaona ndani bila kupasua. Akamchoma mmoja kwa mwiba mdogo, akaenda kulala. Asubuhi akakuta seli zimeuzingira ule mwiba. Akaelewa kwamba mwili una seli zinazokimbilia adui na kumla. Wakati huohuo Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa akipaka damu rangi mbalimbali ili kuzitenganisha chembe zake. Kundi moja la chembe nyeupe lilikubali rangi zisizoegemea upande wowote, si tindikali wala kinyume chake, na ndiyo maana likaitwa neutrofili. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Neutrofili ndio kikosi cha kwanza kufika pale bakteria wanapoingia mwilini. Zinatengenezwa ndani ya uboho, yaani ile kitu laini ya ndani ya mfupa tunayoifyonza kwenye supu. Maisha yake ni mafupi mno, hivyo uboho unalazimika kuzalisha mabilioni mapya kila siku bila kupumzika. Kariri neno hilo, KUZALISHA, kwa sababu ndilo linaloeleza mambo yote yaliyofuata. Dawa nyingi za kemo hupiga seli inayogawanyika haraka. Kansa inagawanyika haraka. Uboho nao unagawanyika haraka. Mizizi ya nywele pia, na utando wa mdomo na utumbo. Dawa haiulizi kitambulisho.

DAWA ILIYOZALIWA NA SUMU

Julai 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani lilirusha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, gesi mpya iliyokuwa na harufu kama ya haradali. Iliunguza ngozi, macho na mapafu. Lakini kulikuwa na jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Daktari Mmarekani, Edward Krumbhaar, aliyewahudumia majeruhi wa gesi nchini Ufaransa, aliwapima damu. Mwaka 1919 akaandika kwamba katika wale walioumia sana chembe nyeupe zilishuka vibaya, na kwamba maiti zilipofunguliwa uboho ulionekana umeharibika. Makala ikachapishwa, dunia ikageuza ukurasa.

Ikaja vita ya pili. Serikali ya Marekani, kwa siri, ikawapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kazi ya kuchunguza gesi za aina hiyo. Wawili kati yao, Louis Goodman na Alfred Gilman, wakaona lile alama la Krumbhaar kwa jicho tofauti. Wakajiuliza: kama sumu hii inafuta chembe nyeupe, je, itafanya nini kwa mgonjwa ambaye kansa yake ni ya hizohizo chembe nyeupe?

Agosti 1942 walimpa ndugu yake ile gesi, haradali ya nitrojeni, mgonjwa mmoja anayejulikana kwenye kumbukumbu kwa herufi mbili tu, J.D. Alikuwa na uvimbe wa limfu uliojaa shingoni na usoni, mionzi imeshindwa, kumeza hawezi. Ndani ya siku chache uvimbe ukaanza kunywea. Lakini chembe nyeupe nazo zikaporomoka, na uboho ulipojaribu kurudi, kansa nayo ikarudi. J.D. alifariki tarehe 1 Desemba 1942. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, taarifa kamili hazikutolewa hadharani hadi 1946.

Katikati ya hapo kulitokea Bari. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari hiyo ya Italia iliyokuwa mikononi mwa Washirika. Miongoni mwa meli zilizolipuka ilikuwamo John Harvey ya Marekani, iliyokuwa na siri tumboni: mabomu 2,000 ya gesi ya haradali. Mabaharia waliopiga mbizi kujiokoa waliogelea katika mafuta yaliyochanganyika na sumu. Madaktari waliowapokea hawakuambiwa kitu. Wagonjwa zaidi ya 600 walilazwa kwa sumu hiyo, na zaidi ya 80 kati yao walikufa kabla mwezi haujaisha, mbali na raia wa mji ambao hakuna aliyewahesabu vizuri. Daktari wa jeshi, Stewart Alexander, alitumwa kuchunguza. Akakuta kilekile: chembe nyeupe zinashuka, zinashuka, zinapotea. Viongozi wakataka neno haradali lifichwe. Yeye akaliandika.

Sasa rudi kwenye swali la mama mdogo. Kushuka kwa chembe nyeupe si ajali iliyokuja kuigundua dawa ikiwa tayari imo kwenye chupa. Ndiko kulikoitambulisha dawa yenyewe. Hawa watu waliona askari wanakufa, wakafikiri: kama inaweza kuwaua hawa, inaweza kumuua na yule jambazi. Kuanzia siku hiyo kazi ya tiba ya kansa imekuwa na pande mbili, kumpiga jambazi, na kumvusha mgonjwa salama katika siku ambazo hana askari. Upande wa kwanza una majina makubwa na tuzo. Upande wa pili husemwa kidogo, na ndio uliotuhusu sisi pale kwenye benchi.

WALIOHESABU

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huko Bethesda, kulikuwa na wodi ya watoto wenye lukemia, kansa ya damu. Madaktari Emil Frei na Emil Freireich walikuwa wakiwachanganyia dawa mbili, tatu, hatimaye nne kwa pamoja. Mwanzoni watoto walikufa kwa kutokwa na damu. Freireich akashikilia kwamba tatizo ni upungufu wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, akaanza kuwaongezea. Damu ikakoma. Ndipo muuaji wa pili akaonekana wazi: maambukizi.

Mwaka 1966 daktari kijana wa timu hiyo, Gerald Bodey, pamoja na wenzake walichapisha makala ambayo kila daktari wa kansa duniani anaishi nayo hata kama hajaisoma. Walichukua wagonjwa 52 wa lukemia, wakapanga hesabu zao za damu za siku nyingi pembeni ya siku walizougua maambukizi. Hakuna dawa mpya, hakuna mashine. Hesabu tu. Wakaona kwamba chembe za kundi la neutrofili zikishuka chini ya 1,000 katika maikrolita moja ya damu hatari inapanda, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa kubwa. Wakaona pia kwamba muda ni muhimu kama namba yenyewe. Aliyekaa wiki tatu chini ya 100 hakukwepa maambukizi.

Kwa hiyo ile 0.8 iliyopigiwa duara, ambayo maana yake ni 800, haikuwa kisingizio. Mjomba, kama unasoma, pole. Ni namba iliyolipiwa kwa maisha ya watu.

Baada ya kujua tatizo wakajaribu kila njia. Kwanza, kuwafungia wagonjwa: mahema ya plastiki na vyumba vya hewa iliyochujwa, muuguzi akimgusa mgonjwa kupitia glavu zilizoshonwa ukutani. Pili, kuwaongezea chembe nyeupe za watu wengine. Hapa kuna kisa kimoja ninachokipenda. George Judson alikuwa mhandisi wa kampuni ya IBM, na mwanawe wa miaka 17 alipata lukemia. Baba huyo akajitosa kushirikiana na watu wa Bethesda, na kufikia 1965 wakawa na mashine ya kutenganisha chembe za damu wakati damu inaendelea kuzunguka. Vizazi vya mashine hiyo vinatumika hadi leo benki za damu duniani.

Lakini chembe nyeupe za kuazima hazikaribii kutosha. Zinahitajika nyingi mno na zinakufa haraka. Nalisema hili kwa sababu kwetu ndugu huja hospitalini wakiwa wamekunja mikono ya mashati: "Tuchangie damu, apandishwe hizo chembe." Changieni, damu inahitajika sana. Ila chupa ya damu ya kawaida huongeza chembe nyekundu. Askari haji nayo.

USISUBIRI

Hatua iliyookoa wengi haikuhitaji mashine yoyote. Ilihitaji madaktari waache utaratibu waliofundishwa.

Mgonjwa akipata homa, taratibu nzuri ni kuchukua damu, kuiotesha maabara, kusubiri siku mbili tatu umjue bakteria, kisha utoe dawa inayomfaa. Kwa mtu mwenye askari, hiyo ni busara. Kwa asiye na askari ni hukumu ya kifo. Kulikuwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aliyeogopwa kuliko wote, kwa sababu mgonjwa angeweza kupata homa jioni na maabara ikaleta jina la bakteria akiwa ameshazikwa.

Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya kufanya kinyume. Mgonjwa wa kansa mwenye chembe chache akipata homa, walichukua damu ya kuotesha na papo hapo wakaanza antibayotiki mbili zenye nguvu, kabenisilini na jentamisini, bila kujua wanampiga nani. Wengi ambao zamani wangekufa walipona. Dawa zimebadilika tangu wakati huo, lakini kanuni imebaki ileile: HOMA KWA MTU WA KEMO NI DHARURA, na antibayotiki ianze ndani ya saa, si ndani ya siku. Homa yenyewe inahesabiwa hivi: nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 ikidumu saa nzima.

Na kuna jambo moja la kutisha. Usaha ni mizoga ya neutrofili. Pasipo neutrofili hakuna usaha, uvimbe haujitokezi sana, kikohozi hakina makohozi mengi. Mwili hauna wa kupiga kelele. Mara nyingi homa peke yake ndiyo kengele iliyobaki.

NAIROBI NA KAMPALA

Msidhani haya yote yalikuwa ya Wazungu kwao. Mwaka 1961 jarida la Lancet la London lilichapisha makala kutoka Nairobi. Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa kichwa na shingo, pamoja na wenzake Clift na Duff, walieleza walivyotibu kansa kwa haradali ya nitrojeni. Walitoa kwanza uboho wa mgonjwa mwenyewe, wakampa dawa, kisha wakamrudishia uboho wake ili uanze upya kuzalisha. Fikiria hilo. Kenya bado koloni, na Nairobi watu wanafanya jambo ambalo leo, likiwa limeboreshwa sana, hufanyika katika hospitali kubwa za dunia.

Kampala nako, Denis Burkitt wa Mulago alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya ya watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alizunguka na gari kuukuu maelfu ya maili, akipita na Tanganyika, akiuliza hospitali kwa hospitali wapi uvimbe ule unaonekana. Ikagundulika kwamba unanywea kwa dawa, wakati mwingine dozi chache tu. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha vitanda 20 kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ileile ya Bethesda, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Ndiyo ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Utawala wa Idi Amin ulipowafanya wageni waondoke, mwaka 1972 uongozi ukashikwa na Mganda, Charles Olweny, akaendelea kutibu katika miaka ambayo wengine wangefunga milango. Kwa hiyo watoto wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani walioonyesha kwamba kansa inaweza kupona kwa dawa peke yake. Kila nikimsikia mtu akisema kemo ni jambo lililoletwa juzi, namkumbuka mtoto wa Mulago.

SINDANO YA KUAMSHA UBOHO

Melbourne, Australia, katikati ya miaka ya 1960. Ray Bradley na Donald Metcalf walikuwa wakiotesha seli za uboho wa panya kwenye vibakuli. Wakaona seli zinaunda makundi madogo pale tu zinapopata kitu fulani kutoka kwa seli nyingine. Huko Israel, Leo Sachs na Dov Pluznik waliona jambo hilohilo. Kumbe uboho haujiendeshi kwa kubahatisha. Kuna ujumbe unaouambia: zalisha.

Kuutafuta ujumbe huo kulichukua miaka ishirini. Katika miaka ya 1980 ule unaoamuru neutrofili ukasafishwa, na mwaka 1986 vinasaba vyake vya binadamu vikanakiliwa, hivyo ukaweza kutengenezwa na bakteria kiwandani. Februari 1991 Marekani ikaidhinisha sindano yake, filgrastimu. Mwaka huohuo jaribio kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu lilionyesha kwamba waliopata homa ya upungufu wa neutrofili angalau mara moja walikuwa asilimia 77 bila sindano, na asilimia 40 kwa waliochomwa.

Sindano hiyo huanza siku moja au zaidi baada ya kemo na huchomwa siku kadhaa mfululizo. Hufanya mifupa iume, na mama mdogo alipochomwa alisema anahisi kama kuna mtu anatwanga ndani ya kiuno. Nikamwambia ni kiwanda kimewashwa. Alicheka kidogo.

Kwa miaka mingi bei yake iliiweka mbali na watu kama sisi. Nakala zake za bei nafuu ziliruhusiwa Ulaya kuanzia 2008, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza filgrastimu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu ya famasia, hilo tunalijua. Lakini ni hoja ya kumdai anayeagiza dawa.

KAWAIDA YA NANI?

Sasa jambo lililonishangaza kuliko yote. Nilipopanga karatasi za mama mdogo nikaona ile ya kabla ya kemo yoyote. Neutrofili: 1.6. Pembeni mashine imeandika L, yaani iko chini. Chini ya nini? Hakuwa ameguswa na dawa hata tone!

Namba za kawaida zinazotumiwa na mashine nyingi zilitokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Tangu zamani madaktari waliofanya kazi Afrika waliona kwamba wenyeji wengi wenye afya njema wana neutrofili chache kuliko vitabu vinavyosema. Mwaka 1971 A. G. Shaper, aliyewahi kufundisha Makerere, na mwenzake Lewis waliandika kwamba jambo hilo ni la kurithi. Sababu ilipatikana mwaka 2009: ni badiliko dogo katika kinasaba kiitwacho Duffy. Ni badiliko lilelile ambalo mwaka 1976 lilionyeshwa kuwakinga watu dhidi ya aina moja ya malaria, vivax. Waafrika wengi mno tunalo. Uboho wetu unafanya kazi vizuri, na hatuugui zaidi. Ni askari tu wanakaa kwingine badala ya kutembea barabarani wakihesabiwa.

Madhara yake si madogo. Ukitumia kizingiti cha 1,500 kwa mtu ambaye kawaida yake ni 1,600, utamwahirishia kemo mara kwa mara au kumpunguzia dozi, na kansa haiahirishi. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Marekani wameanza kudai vipimo vipya kwa watu wa aina hii, na wameonyesha jinsi vile vya zamani vinavyowafungia mlango wa majaribio ya dawa mpya.

Wiki iliyofuata mama mdogo alirudi na 1.3. Moyo ukanidunda, nikajua tunarudishwa tena. Daktari akafunua faili, akaitafuta ile karatasi ya kwanza, akasema: "Mama huyu kwake 1.6 ndiyo kawaida. Amerudi vizuri. Tunampa." Nilitamani kumkumbatia. Lakini tuelewane: huo ni uamuzi wa daktari mwenye faili mkononi, si wa mpwa mwenye simu. Na 800 ilikuwa chini hata kwake.

MAINI, ROSELA NA KACHUMBARI

Bibi naye anastahili jibu. Maini na rosela havina ushahidi wa kupandisha neutrofili. Mwache ale maini yaliyoiva vizuri kwa sababu ni chakula, si kwa sababu ni dawa.

Upande wa pili, wagonjwa wengi wamekatazwa matunda na mboga mbichi kabisa. Marufuku hiyo ilitokana na hofu ya zama za mahema ya plastiki. Ilipopimwa kweli, mwaka 2008 huko Houston, kwa wagonjwa 153 wa lukemia kali, waliokula vilivyopikwa tu walipata maambukizi makubwa asilimia 29, na waliokula na vibichi asilimia 35, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana, na vifo havikutofautiana. Muulize daktari wako, lakini embe lililooshwa vizuri na kumenywa nyumbani si adui. Kachumbari ya kibandani ambayo hujui imeoshwa kwa maji gani ni habari nyingine. Maziwa yasiyochemshwa, mayai mabichi na nyama isiyoiva, achana navyo.

USIKU WA JUMAPILI

Nimalizie na usiku mmoja. Siku ya kumi baada ya kemo ya tatu. Kwa dawa nyingi chembe hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo nilikuwa nalala sebuleni. Saa nne usiku mama mdogo akasema anasikia baridi. Kipimajoto: 38.4.

Bibi akasema malaria. Jirani akaleta panadol. Na kwa kweli katika nyumba zetu homa ni malaria, panadol ni kama maji ya kunywa, na kila kitu husubiri asubuhi. Walikuwa wanampenda. Walikuwa wanafanya kile ambacho kingemsaidia mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba ile. Lakini panadol ingezima kengele pekee iliyobaki, huku moto ukiendelea. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpeleke mbali huo ugonjwa wenu wa kusubiri. Mwanangu, ita gari."

Tulifika, nikasema maneno niliyokuwa nimeyakariri: yuko kwenye kemo, leo siku ya kumi, ana homa. Sista hakutukalisha foleni. Damu ikachukuliwa, kipimo cha malaria kikafanywa pia, dripu ya antibayotiki ikaanza kabla majibu hayajarudi. Malaria hakuwa nayo. Neutrofili zilikuwa 200. Alikaa wodini siku sita.

Mimi nilikaa nje kwenye benchi nikiwafikiria wale mabaharia wa Bari, na J.D. asiye na jina, na watoto wa Bethesda ambao hesabu zao ndizo zilizomfanya sista yule asituambie tusubiri.

Mama mdogo amebakiza mizunguko miwili. Siwezi kuwaambia itaishaje. Swali lake nimemjibu: anaipokea kwa sababu dawa na sumu hii ni kitu kimoja, na kwa sababu watu wamekesha zaidi ya miaka sabini kutafuta namna ya kuvuka zile siku chache ambazo geti halina mlinzi. Akasema, "Basi wewe kaa getini."

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayepokea kemo, nunueni kipimajoto leo, osheni mikono, na muulizeni daktari mapema mtaelekea wapi usiku homa ikija. Kisha waambieni na bibi na jirani, kabla ya usiku huo kufika.

Mungu akipenda tutaonana hapa tena wiki ijayo.